Mnofu Umelegea: Kabla ya Kulaumu Barafu, Pima pH

Samaki wametoka kizimbani wakiwa wanene, wazima, macho yanang'aa. Siku ya tatu simu inaita: mnofu umelegea, unaachana kama kitabu kilichotoka gundi, na trei imejaa maji. Wa kwanza kulaumiwa ni barafu, wa pili ni dereva. Mara nyingi wote wawili wanasingiziwa, kwa sababu kilichoharibu mnofu kilianza wiki kadhaa kabla, samaki akiwa bado anaogelea na kula.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Niliwekewa trei mbili mezani, zimevuliwa mashamba mawili tofauti, zote na lalamiko moja: minofu laini. Nikatoa ushauri mmoja kwa wote: wanyimeni chakula wiki nzima kabla ya kuvua. Shamba la kwanza lilipata nafuu. La pili lilizidi kuharibika, mnofu ukawa kama sifongo iliyoloa. Nilipopima pH, yaani kipimo cha asidi (namba ikishuka, asidi imezidi), kitu ambacho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza, trei moja ilisoma 6.0 na nyingine 6.9. Kidole gumba hakikuona tofauti yoyote kati ya trei hizo mbili, lakini moja ilikuwa ya samaki aliyeshiba kupita kiasi na nyingine ya samaki aliyekwisha. Ukimnyima chakula wa pili unammalizia.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwenye dalili zenyewe, elewa nani anakula mnofu, kisha shika kipimo.

Mafundi wa kubomoa

Msuli wa samaki aliye hai hubomolewa na kujengwa upya kila siku, kama nyumba inayokarabatiwa huku wenyewe wakiishi ndani. Kazi ya kubomoa inafanywa na vimeng'enya vinavyokata protini. Kundi la kwanza ni kalpaini. Hizi hukaa kwenye majimaji ya seli, huamshwa na kalsiamu, na hufanya kazi vizuri pH ikiwa karibu na 7. Samaki akiwa hai kuna protini nyingine, kalpastatini, inayozishikia breki. Kundi la pili ni kathepsini (B, D, L na ndugu zake), ambazo hufungiwa ndani ya vifuko vidogo sana viitwavyo lisosomu, na hupenda mazingira ya asidi. Kundi la tatu hushughulikia kolajeni, yaani ule utando mweupe mwembamba unaogawa mnofu katika tabaka, zile zinazoachana samaki akiiva.

Samaki akifa, mafundi hawa hawapewi taarifa. Moyo umesimama, oksijeni haifiki tena, lakini seli bado zinahitaji ATP, yaani nishati ya kazi zote za msuli. Kwa hiyo zinachoma akiba ya glaikojeni (sukari iliyohifadhiwa mwilini) bila oksijeni na kuacha asidi ya laktiki. pH iliyokuwa 7.2 hadi 7.4 inaanza kushuka. ATP ikikaribia kwisha, nyuzi za msuli hung'ang'aniana na samaki hukakamaa. Kalsiamu imeshavuja, kalpaini zimeamka, breki zinaanza kushindwa. Asidi ikizidi na seli zikichakaa, vifuko vya kathepsini navyo vinafunguka. Ndiyo maana samaki aliyekakamaa hulainika tena baadaye: sehemu kubwa ya viungio vya nyuzi zake inakuwa imeshakatwa.

Majira yanaingia hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kasi ya kukua. Katika maeneo yenye baridi, maji yakianza kupata joto na mchana ukirefuka, samoni na halibati (samaki bapa wa baharini) wa kufugwa hula kwa pupa. Msuli unaokua haraka ndio unaokarabatiwa haraka, kwa hiyo mafundi wa kubomoa wako kazini kwa wingi siku unayomvua. Ya pili ni akiba: samaki aliyekula vizuri kwenye maji ya joto amejaza glaikojeni, na glaikojeni ya leo ndiyo asidi ya kesho. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, lakini usidhani huko hakuna majira. Mvua, upepo unaopindua maji ya chini kuyaleta juu, joto la maji na mzunguko wa kutaga hufanya kazi ileile.

Kipimo kimoja, mara mbili

Tafuta kipima pH chenye ncha ya kuchomeka kwenye nyama. Kisahihishe kwa vimiminika viwili, cha pH 7 na cha pH 4, vikiwa na joto sawa na samaki unayetaka kumpima. Kipima kilichosahihishwa kwenye chumba cha nyuzi 25 kisha kikachomekwa kwenye samaki wa nyuzi 1 kitakudanganya bila aibu, isipokuwa kama kinajirekebisha chenyewe kwa joto. Chomeka nyuma ya kichwa, juu ya mstari wa ubavu, kwenye nyama nyeupe. Epuka ule ukanda wa nyama nyekundu chini ya ngozi maana una tabia zake. Futa ncha kila baada ya samaki mmoja. Mafuta yakiganda juu yake, namba zinaanza kutambaa. Samaki mmoja hatoshi. Pima angalau 10.

Pima mara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya samaki kufa. Pima tena baada ya siku mbili barafuni, akiwa ameshakakamaa na kulegea. Kipimo cha kwanza kinakueleza alivyokufa, cha pili kinakueleza alivyoishi. Watu wengi huchukua kimoja tu, halafu hubishana usiku kucha kama tatizo ni uvuaji au malisho.

Kwenye kipimo cha kwanza, samaki aliyekufa ametulia husoma zaidi ya 7. Ukipata 6.6 au 6.8, huyo alipigana: alibanwa kwenye wavu, aliruka nje ya maji, akachoma akiba yake yote kabla hujamgusa. Kwenye kipimo cha pili, samaki wengi wa kufugwa hutulia kati ya 6.2 na 6.6. Chini ya hapo, asidi ni nyingi na alikuwa na akiba kubwa. Juu ya 6.8, alikufa ghala likiwa tupu. Hizi ni namba za mezani na kila aina ya samaki ina zake, kwa hiyo baada ya mwaka mmoja wa kupima amini daftari lako kuliko namba zangu.

Dalili: mnofu unaachana

Shika mnofu upande wa mkia, uinue taratibu uning'inie. Mnofu mzima hushuka kama kitambaa. Ulio na tatizo hufunguka mapengo kati ya tabaka, kwanza sehemu nene karibu na kichwa, na mwanga unapita. Ukiangalia kwa karibu utaona nyama yenyewe haijachanika. Kilichoachia ni ule utando wa kolajeni uliokuwa umeishikilia.

Kazi ya zamani na ya uhakika kuhusu jambo hili ilifanyika Torry, kituo cha utafiti wa samaki kilichokuwa Aberdeen, Scotland, kwa samaki aitwaye kodi (wa baharini, si ile inayokusanywa). Walichokiona ni hiki: kodi aliyetoka kwenye njaa ya kutaga akaanza kula kwa fujo alikuwa na glaikojeni nyingi, pH yake ikashuka sana baada ya kufa, na minofu ikaachana kwa wingi. Viungo vya kolajeni hudhoofika kadiri asidi inavyozidi. Kwa hiyo kama kipimo cha pili kiko chini na ni msimu wa kula sana, umeshampata mshukiwa wa kwanza.

Mshukiwa wa pili ni joto wakati wa kukakamaa. Samaki akikakamaa akiwa na joto, misuli hujivuta kwa nguvu kubwa na kwa ghafla, na utando unararuka au kukatika. Kolajeni yenyewe ni dhaifu kwenye joto: ya samaki wa maji baridi huanza kupoteza umbo karibu na nyuzi 15, wakati ya samaki wa maji ya moto kama sato na kambale huvumilia hadi karibu na nyuzi 30. Ndiyo sababu samoni aliyesahauliwa mezani kwa saa mbili siku ya joto huharibika kuliko sato aliyesahauliwa saa hizohizo.

Mshukiwa wa tatu ni mikono. Samaki aliyekakamaa amepinda ni lazima abaki amepinda mpaka aachie mwenyewe. Ukimnyoosha kwa nguvu ili aingie kwenye boksi, unapasua tabaka zote kwa mkupuo mmoja. Nimesimama kwenye chumba cha kupakia nikasikia mlio wake, mkavu kama kijiti cha kuni kinavyovunjwa, na mpakiaji akaendelea na mwingine. Hapo hakuna kimeng'enya cha kulaumu.

Na kuna kosa la ratiba. Minofu ikichunwa samaki akiwa katikati ya kukakamaa, mapengo ni mengi na nyama inabaki mifupani. Chuna mapema kabla hajaanza kukakamaa, au subiri aachie. Samoni aliyekufa ametulia na kuwekwa barafuni anaweza kukaa saa nyingi, hata kukaribia siku nzima, kabla ya kukakamaa. Aliyepigana hukakamaa ndani ya saa moja au mbili. Maana yake kiwanda kinachochuna saa tano baada ya kuua kinaweza kufanya kazi safi mwezi mzima, kisha wiki moja ya uvuaji wa fujo ikafanya samaki wafike kwenye kisu wakiwa wamekakamaa. Ratiba ni ileile, visu ni vilevile, minofu imeharibika. Kipimo cha kwanza cha pH kingewaambia.

Kinachosaidia: kumzimisha samaki kwa haraka badala ya kumwacha afe polepole, kutobana wengi kwenye wavu kwa muda mrefu, na kupoza mapema. Hapo kuna mtego kidogo kwa samaki wa maji ya moto. Sato au kapi aliyezoea maji ya nyuzi 28 akitumbukizwa ghafla kwenye maji ya barafu anaweza kukakamaa haraka kuliko kama angepozwa kwa hatua, kwa sababu tofauti kubwa ya joto hutibua kalsiamu ndani ya misuli. Hii si sababu ya kumnyima barafu. Ni sababu ya kutoshangaa akikakamaa mapema, na ya kupanga kuchuna kwako kulingana na hilo.

Dalili: mweupe kama umepikwa, maji yanachuruzika

Mnofu mbichi unaonekana umeiva. Ni mweupe wa chokaa, hauna mng'ao, ukiubonyeza shimo la kidole linabaki na maji yanatoka. Halibati ndiye maarufu kwa hili: anatoka majini mzuri tu, chokaa inajitokeza baada ya siku kadhaa barafuni. Jodari naye ana lake, nyama inapauka na kukosa ladha kana kwamba imeunguzwa. Kwa samaki wote wawili hadithi ni moja, asidi na joto kukutana kabla mwili haujapoa.

Protini za msuli hushika maji kwa sababu zina chaji za umeme zinazosukumana na kuacha nafasi. Kadiri pH inavyosogea kuelekea 5.5, chaji hizo zinapungua, nyuzi zinakaribiana na maji yanaminywa nje. Ukiongeza joto, protini zinapoteza umbo kabisa, sawasawa na zinavyofanya kwenye sufuria. Halibati wa chokaa husoma karibu na 6 au chini yake, na tatizo huzidi kwa samaki wanaokua haraka kwenye maji yenye joto.

Dawa ni kupunguza akiba na kuharakisha kupoza, yote mawili kwa pamoja. Punguza malisho wiki chache kabla ya kuvua wakati wa msimu wa joto. Ukikosa nafasi hiyo, hata siku chache za kutokula zinasaidia kidogo. Kisha piga hesabu ya barafu. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334. Kilo 1 ya samaki hutoa kilojuli 3.6 hivi kwa kila nyuzi moja inayoshuka, kwa hiyo kumtoa kwenye nyuzi 30 hadi 0 ni kama kilojuli 108. Kwenye karatasi, kilo 1 ya barafu inapoza kilo 3 za samaki. Kwenye uhalisia boksi linapata joto, hewa inaingia, barafu nyingine ilishaloa tangu asubuhi, na uwiano wa kilo kwa kilo ndio unaofanya kazi mahali pa joto. Anayeweka barafu juu tu, kama mapambo, anapoza samaki wa safu ya kwanza. Wa chini wanaendelea kujipika polepole.

Usisahau kwamba vimeng'enya navyo vinafuata joto: kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi yao hupanda mara mbili hadi tatu. Kwa kuoza kwa jumla, kanuni inayotumika kwa samaki wa maji baridi ni kwamba siku moja kwenye nyuzi 10 ni sawa na siku 4 kwenye nyuzi 0.

Dalili: laini, majimaji, rangi imepotea, lakini pH iko juu

Huyu ndiye aliyenidanganya. Ukimkata hana mafuta, mnofu ni mwembamba kuliko ukubwa wake unavyoahidi, na kama ni samoni au trauti rangi ya chungwa imefifia. Fungua tumbo uangalie mayai au mbegu. Jibu liko humo.

Samaki anayejiandaa kutaga huhamisha mali. Mafuta na protini vinatoka kwenye misuli vinakwenda kujenga mayai, na mahali protini ilipokuwa panajazwa na maji. Astaksanthini, ile rangi ya samoni, inahamia kwenye ngozi na mayai. Wa kufanya ubomoaji huu ni vimeng'enya vilevile, safari hii samaki akiwa hai na kwa amri ya homoni zake. Kwenye samoni wanaopanda mito kwenda kutaga, kathepsini L imeonekana kupanda sana msulini. Unapomvua, kazi ya kumlainisha imeshafanyika, nawe unaongezea siku za barafuni juu yake. Zaidi ya hapo, pH ya juu ni karamu kwa bakteria, kwa hiyo hunuka mapema kuliko wenzake.

Baridi kali inayomfanya samaki aache kula kwa miezi inaweza kukupa picha inayofanana, hata kama hakuna mayai: maji yameongezeka msulini, glaikojeni hakuna, pH imebaki juu.

Hakuna ujanja wa kiwandani unaomrudisha samaki huyu. Tenga walioiva kwa rangi na umbo kabla ya kuvua, uwauze kwa matumizi mengine au uwaache. Waliotaga huhitaji wiki nyingi za malisho mazuri ndipo mnofu urudi, na uvumilivu huo ni ghali kuliko kuzuia. Kwa sato, kufuga madume peke yao huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Kwa samoni, taa za usiku vizimbani huvuruga kalenda yao ya kupevuka, na samaki wa kromosomu seti tatu, ambao ni tasa, hufugwa kwa sababu hiyohiyo.

Dalili: mbichi uko sawa, ukipikwa unakuwa uji

Mteja hatakuamini, nawe hutamwamini. Mnofu ulikuwa mgumu asubuhi, umeingia kwenye tanuri, umetoka kama uji wa mtoto.

Fikiria kimelea kabla ya kufikiria mpishi. *Kudoa thyrsites* huishi ndani ya nyuzi za misuli ya samaki wa baharini, samoni wa kufugwa wakiwemo, bila kumsumbua sana akiwa hai. Samaki akifa, kimelea hutoa kimeng'enya cha jamii ya kathepsini L kinachoyeyusha mnofu ndani ya siku chache, hata barafuni. Kathepsini L ina tabia moja mbaya: hupenda joto la karibu nyuzi 55. Kwa hiyo mnofu ukipashwa polepole, kwa mfano kwenye moto mdogo au moshi wa joto, hupita kwenye nyuzi hizo kwa muda mrefu na kimeng'enya kinafanya karamu. Watengenezaji wa surimi, ile nyama ya samaki iliyooshwa na kusagwa, wanalijua hili vizuri kwa samaki wanaobeba kathepsini nyingi.

Jaribio ni rahisi. Kata vipande viwili vya mnofu mmoja. Kimoja kiache kwenye maji ya nyuzi 55 kwa nusu saa, kisha kipike. Kingine kitumbukize moja kwa moja kwenye maji yanayochemka. Cha kwanza kikiyeyuka na cha pili kikabaki imara, una kimeng'enya kinachofanya kazi kwenye joto. Kuthibitisha kama ni kimelea kunahitaji hadubini. Wakati ukisubiri majibu, mwambie mteja apike kwa moto mkali.

Dalili: tumbo limepasuka, mbavu zinachomoza

Hivi ni vimeng'enya vya utumbo, si vya msuli. Samaki aliyevuliwa ameshiba ana tripsini nyingi tumboni, na akifa inaanza kumeng'enya ukuta wake mwenyewe. Mnyime chakula siku 1 hadi 3 kwenye maji ya joto, zaidi kwenye baridi, mtumbue mapema, osha. Ndio mwisho wa tatizo hilo, na sielewi kwa nini bado linaonekana.

Dalili: ulikuwa mzuri mpaka ulipogandishwa

Kugandisha polepole hutengeneza vipande vikubwa vya barafu vinavyopasua seli pamoja na vile vifuko vya kathepsini. Ukiyeyusha, vimeng'enya vimetapakaa kila mahali na maji yamepoteza mshikaji. Kugandisha haraka ndiyo kinga. Kuyeyusha na kugandisha tena ni kuwaalika mafundi mara ya pili.

Kuna hali nyingine inayofanana lakini sababu yake ni kinyume: mnofu uliogandishwa kabla ya kukakamaa bado una ATP ndani. Ukiyeyushwa haraka unakakamaa hapohapo, hauna mfupa wa kuushikilia, unajikunja, unafupika na kumwaga maji. Kabla ya kuyeyusha, uweke kwanza siku kadhaa kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri ili ATP iishe taratibu.

Dalili: harufu ya tope

Naitaja kwa sababu huja na majira ya joto na watu huichanganya na kuoza. Mnofu ni mgumu, pH ni ya kawaida, lakini una ladha ya udongo uliopata mvua. Ni jiosmini, inayotolewa na sianobakteria na baadhi ya bakteria wa kwenye tope, inayopita kwenye matamvua na kujificha kwenye mafuta. Kuua haraka au kuongeza barafu hakuigusi. Hamishia samaki kwenye maji safi yanayotiririka, bila chakula, siku kadhaa hadi wiki mbili. Mnene huchelewa kuliko mwembamba. Pika mmoja bila chumvi wala kiungo chochote, umwonjeshe mtu ambaye hajui anatafuta nini.

Vipimo vyote viko sawa, na bado ni laini

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. pH ya kwanza 7.3, ya pili 6.4, barafu imejaa, tumbo halina mayai, hakuna mapengo. Lakini kidole kinazama.

Tazama kumbukumbu za ukuaji. Msuli wa samaki hukua kwa njia mbili: kuongeza idadi ya nyuzi na kunenepesha zilizopo. Samaki aliyesukumwa kwa chakula chenye nishati nyingi wakati wa joto hunenepesha nyuzi zake haraka, na kwa samoni imeonekana kuwa mnofu wenye nyuzi chache nene huwa laini kuliko wenye nyuzi nyingi nyembamba kwa eneo lilelile. Juu ya hapo, kolajeni changa haijapata muda wa kufunga viungo vyake vya msalaba, na vimeng'enya vya ubomoaji viko juu kwa sababu ujenzi uko juu. Hakuna kilichoharibika. Samaki ana afya nzuri kabisa, ila umemvua wakati nyumba iko katikati ya ukarabati.

Mkondo wa maji unasaidia: samaki anayelazimika kuogelea kwa mwendo wa wastani, kama urefu mmoja wa mwili wake kwa sekunde, hujenga mnofu mgumu kuliko anayeelea. Kupunguza malisho wiki kadhaa kabla ya kuvua kunatuliza ukuaji na kukaza mnofu, kwa gharama ya kilo chache. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kusogeza tarehe. Chukua rekodi za miaka miwili, weka joto la maji na kiasi cha chakula kwenye mstari mmoja na malalamiko ya wateja kwenye mwingine, uone kama malalamiko hayafuati kilele cha ulaji kwa wiki chache. Kama yanafuata, hizo ndizo wiki za kutovua kwa ajili ya minofu. Na kama soko halisubiri, basi wiki hizo uza samaki wazima waliotumbuliwa, kwa wateja wa karibu, na usiahidi siku 10 kwenye lebo.